UZI: Figo zimekufa akiwa Marekani, bima ya serikali inaanza lini? Someni kabla hamjauza ploti ya nyumbani

@NyarNyalenda (Machi 29, 2025)

Wadau habari za jioni. Naandika hapa juu wiki hii familia yetu imebaki kidogo tu iuze ploti ya mama kule Kibos kwa ajili ya bili ya hospitali ya Marekani, na shida yenyewe ilikuwa maneno matatu, "mwezi wa nne". Najua boma nyingi hapa Kisumu, Siaya, Vihiga, Busia ziko na mtu huko, kwa hivyo someni pole pole, na kama kuna mahali nimekosea mnirekebishe maana hii kitu ni maisha ya mtu.

Ndugu yangu mkubwa alienda 2021 na grinikadi ile ya bahati nasibu. Anafanya kazi ya godauni usiku kupitia ajenti, kupanga mizigo, na hiyo ajenti haimpi bima yoyote. Presha alikuwa nayo tangu akiwa hapa, dawa akikumbuka anameza, asipokumbuka basi. Februari akaanza kuvimba miguu asubuhi, halafu uso, halafu akashindwa kulala chali juu pumzi haitoshi. Wenzake wakamwitia ambulensi. Kufika huko akaambiwa figo zote mbili zimeisha na tarehe 26 Februari akawekwa kwa mashine mara ya kwanza. Sisi alituambia ako na homa. Mama alikuja kujua Machi kupitia kijana wa kwetu wanayekaa naye, na siku hiyo mama hakugusa chakula.

Sasa kama hujawahi kuona dayalisisi, si kitu ya mara moja ukapona. Ni mara tatu kwa wiki, kila mara kama masaa manne umekaa kwa kiti damu inatoka inapita kwa chujio inarudi, na ukikosa, maji yanajaa mpaka kwa mapafu na potasiamu inapanda moyo unaweza kusimama. Hakuna kusema nitaenda mwezi ujao nikipata pesa. Na kila kipindi huko mtu asiye na bima anaandikiwa maelfu ya shilingi zetu nyingi sana, bado zile siku alilala wodi.

Yule mama wa ofisi ya maslahi ya wagonjwa pale alimweleza kwamba kuna bima ya serikali inaitwa Medicare, na watu wa figo wanaipata hata kama hawajafika miaka 65, na itaanza mwezi wa nne. Akapiga simu nyumbani akasema hivyo hivyo, "itaanza mwezi wa nne". Mama akasikia Aprili, akafurahi, akasema Mungu ni mwema ni wiki moja tu. Mjomba akasikia miezi minne ipite kwanza, akahesabu Machi, Aprili, Mei, Juni, akasema huyu kijana hana bima mpaka Julai na tukingoja atakufa, tuuze ploti. Grupu ya familia ikagawanyika katikati, wengine wanamwambia mama asiuze, wengine wanasema mnapenda shamba kuliko mtu. Matusi yalitupwa ambayo mimi sijui kama yatasahaulika.

Wote wawili walikosea. Jibu ni Mei 1. Na kuna njia ingine ambayo inarudisha mpaka Februari, hiyo ndio imenileta hapa.

@KijanaWaKondele

Pole sana dada. Lakini sijaelewa, Mei 1 imetoka wapi? Februari 26 ongeza miezi minne si inafika Juni mwisho?

@NyarNyalenda

Hapo ndio kila mtu anapotelea. Hawahesabu siku, wanahesabu miezi, na mwezi ambao ulianza dayalisisi unahesabiwa wote hata kama ulianza tarehe ya mwisho. Kwa hivyo Februari ni wa kwanza (ingawa alipata siku tatu tu ndani yake), Machi wa pili, Aprili wa tatu, na Mei ndio wa nne, bima inafunguka siku ya kwanza ya huo wa nne. Angeanza Machi 2, siku nne tu baadaye, ingekuwa Juni 1. Mtu akianza Julai inakuwa Oktoba 1.

Na ingine, hiyo saa inaanza kwenda tangu siku ya mashine, si tangu siku ya kujaza fomu. Ukichelewa kuomba, ile Sehemu A ya hospitali inaweza kurudishwa nyuma mpaka miezi 12. Hilo ni muhimu juu ndugu yangu alikuwa amekaa tu bila kuomba, akifikiri akiomba mapema watamkataa.

@WaBusia_Ughaibuni

Dada umeeleza vizuri kuliko watu wengi wa huku. Mimi ni wa Busia lakini niko Texas, nafanya kazi kwa kituo cha dayalisisi, mimi ndiye naunga watu kwa mashine saa kumi na moja asubuhi, kwa hivyo hii maneno naiona kila wiki. Wacha niongeze mambo.

Kwanza hii bima si ya kila mtu aliye hapa. Ni lazima uwe umefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali ya huku), au mume ama mke wako awe amefanya, au kama ni mtoto bado anategemea mzazi basi mzazi wake. Wanahesabu kwa alama za kazi, mwaka wa 2025 alama moja ilikuwa kila dola 1,810 umepata kwa mshahara, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Watu wengi wanaambiana ati mpaka ufikishe alama 40, yaani miaka kumi ya kazi, wanakata tamaa wanaacha kuomba. Hiyo 40 ni hesabu ya wazee wa 65. Mgonjwa wa figo anaweza kuingia hata na 6 tu kama amezipata ndani ya miaka mitatu hivi iliyopita, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu wa kazi. Ndugu yako tangu 2021 kwa godauni, kama alikuwa analipwa kwa karatasi, amepita hapo mbali. Yule anayelipwa kwa mkono bila kodi, hapo ndio kilio, na wako wengi wetu.

Pili, kuna fomu inaitwa CMS-2728. Hiyo si ya kujazwa na mgonjwa peke yake, kituo cha dayalisisi ndio kinaijaza, daktari anatia sahihi na mgonjwa anatia sahihi, na wako na siku 45 tangu aanze. Bila hiyo Social Security hawana ushahidi kwamba figo zimekufa. Ambia ndugu yako aulize kesho, asiseme "nafikiri walituma", aulize imetumwa tarehe gani.

Tatu, hiyo njia ya kurudisha mpaka Februari najua unaenda wapi. Malizia wewe.

@NyarNyalenda

Asante sana ndugu yetu, Mungu akulinde huko na hizo asubuhi za saa kumi na moja.

Sawa, njia yenyewe. Ile miezi mitatu ya kungoja inaondolewa kabisa kama ndani ya hiyo miezi mitatu mgonjwa ameanza mafunzo ya kujisafisha damu nyumbani, kwa kituo ambacho kimekubaliwa na Medicare, na daktari anatarajia atamaliza mafunzo na atajifanyia mwenyewe. Akifanya hivyo bima inahesabiwa tangu mwezi wa kwanza wa dayalisisi. Kwa ndugu yangu mwezi wa kwanza ni Februari. Maana yake zile siku za wodi na vipindi vyote vya Februari, Machi na Aprili, vyote vinaingia ndani.

Lakini lazima aanze mafunzo kabla Aprili haijaisha. Leo ni Machi 29. Hii ndio nilitaka mjue, kwamba hakuna mtu alimwambia. Nimempigia usiku nikamuuliza je walikueleza kuna ya nyumbani, akasema walimpa karatasi nyingi siku ya kwanza, wakati huo alikuwa hajui hata ni siku gani ya wiki. Mtu amevimba ubongo umejaa sumu unampa karatasi ishirini asome.

@NesiMilimani

Nimefanya wodi ya figo hapa magharibi miaka tisa, naomba niseme kitu kabla watu wakimbie kwa ya nyumbani kwa sababu ya pesa tu.

Ya nyumbani iko aina mbili. Kuna ya mashine ya damu kama ile ya kituo lakini ndogo, hiyo mara nyingi unahitaji mtu wa kukusaidia. Na kuna ya tumbo, wanakuwekea paipu laini chini ya kitovu, unajaza maji maalum ndani ya tumbo, yanakaa, yanavuta uchafu kupitia ile ngozi ya ndani, halafu unayatoa. Unaweza kufanya kwa mkono mara kadhaa mchana au mashine ndogo inakufanyia usiku ukilala. Watu wa kazi wanaipenda sana hiyo ya usiku. Na inavuta maji taratibu kila siku, hakuna kule kuchoka kama umepigwa ambako mtu anatoka nako kwa kiti.

Lakini NI USAFI. Kuosha mikono, barakoa, dirisha limefungwa, feni imezimwa, paka nje. Uchafu ukiingia kwa paipu unaingia tumboni moja kwa moja na hiyo maambukizi inaua. Pia unahitaji mahali pa kuweka maboksi ya maji, ni mengi kweli kweli. Ndugu yako anakaa na watu wangapi? Ana chumba chake? Na paipu ikiwekwa inahitaji kama wiki mbili kupona vizuri kabla ya kutumika, halafu mafunzo yenyewe wiki moja au mbili. Kwa hivyo kama ni Aprili, aongee na daktari wa figo wiki hii, si wiki ijayo. Na daktari akisema hapana kwa sababu labda amewahi kupasuliwa tumbo ana makovu, akubali. Pesa inatafutwa.

@NyarNyalenda

Nesi nimeshukuru, hayo ya chumba sikuwa nimewaza. Wanakaa wanne. Nitamuuliza.

@DerevaWaNaks

Wakuu niko Nakuru, nimesoma yote. Mzee wangu ako dayalisisi huu mwaka wa pili. Dada yangu ako Marekani miaka minane na ana makaratasi. Anaweza kumchukua mzee akapata hiyo Medicare ya figo? Nauliza kwa uzito jamani, si mchezo.

@WaBusia_Ughaibuni

Kaka pole. Hapana. Kazi ya mtoto haimfunguli mzazi hiyo bima. Inafungua mume, mke, au mtoto mdogo, haipandi juu kwa baba na mama. Na mzee akija kwa viza ya matembezi hana chochote, ataishia kungoja mpaka hali iwe ya dharura ndio hospitali imuwashie mashine, nimeona wazee wetu hivyo na inauma. Bora hiyo tiketi ya ndege iwe vipindi vyake hapo Nakuru.

@DerevaWaNaks

Asante kwa ukweli. Afadhali kuambiwa.

Basi na mimi niseme ya kwetu kwa mtu anayesoma na mgonjwa wake ako hapa. Tangu Oktoba 1, 2024 bima yetu ya serikali NHIF ilipotoka SHA ikaingia, hapa hakuna kuhesabu miezi ya mashine, kinachoangaliwa ni kama umelipa. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Sisi wa jua kali wanakuuliza maswali ya nyumba yako ina paa gani, unapikia nini, ng'ombe ngapi, halafu mfumo unatoa hesabu yake na unatakiwa ulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Wakati wa NHIF mimi nilikuwa natoa 500 kila mwezi na nilikuwa nimeshazoea. Kwa dereva kutoa ya mwaka mara moja Januari wakati wa karo si rahisi, sitaki kudanganya mtu, mwaka huu nilikopa kwa chama.

Faida iko. NHIF ilikuwa inalipa 9,500 kwa kipindi, saa hii SHA ni 10,650. Lakini jina lisipowaka kwa mfumo unarudishwa, haijalishi umetoka wapi. Kuna hospitali moja tulikaa na mzee benchi kutoka saa kumi na mbili mpaka saa tisa kwa sababu alama ya kidole ilikuwa inakataa, mzee amefanya kazi ya mawe maisha yake yote hana tena mistari kwa vidole. Pumzi ilikuwa inakata nikimwangalia. Tafadhali piga *147# siku moja kabla uone kama uko hai kwa mfumo, usingoje kufika dirishani.

@NesiMilimani

Na kama vidole vimeisha mwambie karani mapema, usingoje foleni ifike. Wazee wa shamba na wa mawe wengi wako hivyo, na wagonjwa wa figo ngozi inakauka zaidi.

@MwalimuMstaafu_Kakamega

Nimefuatilia kwa makini. Niruhusuni niwape historia fupi ya hiyo sheria ya Wamarekani maana wengi wanadhani huko kila kitu kilianza kikiwa hivyo.

Mwaka wa 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle alitengeneza kipaipu cha kubaki mkononi mwa mgonjwa, kabla ya hapo ilikuwa kila kipindi mshipa mpya unakatwa, kwa hivyo mtu wa figo zilizokufa kabisa hakuwa wa kuishi. Sasa mashine zikawa chache, wagonjwa wengi. Wakaunda kamati ambayo karibu wote ni raia wa kawaida, daktari akiwa mmoja tu, wakae waamue nani ataingia kwa mashine na nani atarudishwa nyumbani kufa. Waliangalia mtu ana kazi gani, ana watoto wangapi, anaenda kanisa. Fikirieni nyinyi mkae kwa meza kama hiyo.

Watu wakapiga kelele miaka mingi. Novemba 1971 mgonjwa mmoja, Shep Glazer, aliunganishwa kwa mashine mbele ya kamati ya Bunge lao, damu ikizunguka wabunge wakiangalia. Oktoba 30, 1972 Rais Nixon akatia sahihi, na kuanzia Julai 1, 1973 serikali ikaanza kulipia watu wa figo wa umri wowote. Wakati huo ni ugonjwa mmoja huo uliopewa mlango wake wenyewe. Lakini hiyo subira ya miezi ya mwanzo ilikuwepo tangu sheria ya kwanza, na watu wanakwama ndani yake mpaka leo, kama ndugu yake huyu binti yetu.

@KijanaWaKondele

Mwalimu asante. Hiyo ya kamati imenikaa kwa roho vibaya.

Swali: na mtu ambaye kazi yake inampa bima? Cousin yangu ni nesi huko, ameambiwa figo zimebaki asilimia 14.

@WaBusia_Ughaibuni

Huyo hali yake ni tofauti. Ile miezi mitatu ya kwanza bima ya kazi inalipa peke yake. Mwezi wa nne ukifika Medicare inaweza kuingia lakini inakaa nyuma, bima ya kazi inalipa kwanza na Medicare inajazia, na hiyo inaenda miezi 30. Baada ya hapo zinabadilishana viti, Medicare inakuwa ya kwanza. Kwa hivyo asiharakishe kuacha kazi, na asipoteze hiyo bima kwa mwezi hata mmoja.

Na kama bado hajaanza mashine amuulize daktari kuhusu kupandikizwa figo mapema. Hapo tarehe ni ingine kabisa, bima inaweza kuanza mwezi ambao amelazwa kwa ajili ya upandikizaji, mradi ufanyike mwezi huo huo au ndani ya miwili inayofuata. Baada ya kupandikizwa, kama hana sababu ingine ya kuwa na Medicare kama umri ama ulemavu, inaisha miezi 36 mbele. Mwenye aliacha dayalisisi juu figo zimerudi, inaisha miezi 12. Zikikufa tena anarudi bila kungoja upya.

@NyarNyalenda (Aprili 6)

Wadau narudi. Ndugu yangu ameongea na daktari wa figo. Tumbo halijawahi kupasuliwa, daktari amekubali ile ya tumbo. Fomu ya 2728 ilikuwa HAIJATUMWA, ilikuwa imekaa inangoja sahihi yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Ametia sahihi. Kuhusu chumba, wale wenzake watatu wamekaa wakakubaliana yeye achukue kile kidogo peke yake na wao watatu wabanane kwingine pamoja na sebule. Vijana wa watu. Mama amesema atawaombea majina yote matatu kila asubuhi.

Lakini kuna mtu ameingia grupu ya Wakenya wa mji wao anasema ako na njia ya "kuharakisha" Medicare, umtumie dola mia nne na namba yako ya Social Security. Ndugu yangu alikuwa amefika hatua ya kutuma. Msifanye hivyo. Kuomba ni bure, unapigia Social Security wenyewe, na hakuna mtu anaweza kusukuma mwezi mbele. Mtu akipata hiyo namba yako atakopa kwa jina lako na wewe uko kitandani.

@MamaMboga_Kibuye

Mimi sina mtu huko lakini nimesoma nikilia. Tuliuza ng'ombe wawili 2022 kwa mume wangu hapa hapa, na hatukujua mambo mengi ambayo mnaandika hapa. Asanteni.

@NyarNyalenda

Mama pole sana, pole kabisa.

@NyarNyalenda (Aprili 22)

Paipu iliwekwa Aprili 8. Mafunzo ameanza leo asubuhi na kituo kimemwandikia barua yenye tarehe, nikamwambia aipige picha atume kwa watu watatu tofauti. Zimebaki siku nane mwezi uishe. Anasema nesi wa mafunzo anamfanya aoshe mikono akihesabu, akikosea anaanza upya.

@NesiMilimani

Huyo nesi anajua kazi. Asimkasirikie.

@NyarNyalenda (Juni 11)

Nimechelewa kurudi, mniwie radhi. Kadi imefika. Nilipoituma kwa grupu mjomba akasema wamekosea tena, imeandikwa 02-01-2025, Januari tarehe mbili, na Januari alikuwa bado mzima anaenda kazi, ati tuwapigie warekebishe kabla wasije kumshtaki kwa uongo. Ikabidi nieleze kwamba wale wanaanza na mwezi ndio siku inafuata. Ni Februari 1.

Si kwamba sasa hakuna kulipa, nisiwadanganye. Sehemu B, ile ya madaktari na dayalisisi, ilikuwa dola 185 kila mwezi mwaka wa 2025 na analipia kuanzia Februari. Ukishatoa dola 257 za mwaka huo wa 2025, wao wanalipa asilimia 80 na wewe ile 20 inabaki kwako, na 20 ya dayalisisi si kidogo. Ameombewa Medicaid ya jimbo, ile bima ya watu wa kipato kidogo, iangalie hiyo 20. Pia hospitali ile haifanyi biashara ya faida, na za aina hiyo sheria inawalazimu kuwa na mpango wa kusamehe ama kupunguzia maskini, akajaza hiyo fomu pia, wamempunguzia sehemu. Bili zilizokuwa zimeandikwa jina lake amewapigia mmoja mmoja akiwapa namba ya kadi watume upya kwa Medicare. Alikuwa na daftari, ameandika nani alishika simu, siku gani, saa ngapi. Hilo daftari limemsaidia kuliko sisi wote.

Ploti bado iko. Zile pesa ambazo familia ilichanga tumeongea tukakubaliana zimlipie Sehemu B mpaka Desemba.

@KijanaWaKondele

Nimefurahi mpaka basi. Atakuja Krismasi?

@NyarNyalenda

Anataka. Shida Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani, na yeye anahitaji yale maji ya tumbo kila usiku, kwa hivyo ama yasafirishwe ama apate mahali hapa Kisumu pa kumuunga kwa mashine kwa pesa taslimu hizo wiki mbili, lakini mkononi bado hana fistula, ule mshipa unaotengenezwa wa kuunganishia mashine. @WaBusia_Ughaibuni kama umeona mtu wa ya tumbo akisafiri Afrika, maboksi yanaenda kwa ndege gani na mtu anaanza kupanga miezi mingapi mbele? Na @NesiMilimani, mama ameanza kukausha omena za kumtumia na mtu anayesafiri Agosti, mimi nimesikia omena na mifupa yake ina fosforasi nyingi, nimwambie mama aache au kuna kiasi kidogo anaweza kula?

@NesiMilimani

Mwambie mama aache omena, amtumie kitu kingine. Nije inboksi nikuandikie orodha, nitaiandika kwa lugha ambayo mama ataelewa.